Shangazi, kesi ya kubaguliwa kazini itanigharimu kiasi gani?

Shikamoo Shangazi,

Naandika asubuhi, nimetoka zamu ya usiku. Watoto wamelala, baba yao ameshatoka na bajaji. Nina saa moja hivi kabla mmoja hajaamka akamwamsha mwenzake.

Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Igoma. Mwaka wa tisa huu nafanya kazi kwenye kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, jina lake naomba nilihifadhi. Nilianza mezani na kisu, nachuna samaki kama wengine. Mwaka 2021 nikapewa barua ya kuwa msimamizi wa laini. Nilikuwa na watu 22 chini yangu, na posho ya usimamizi 90,000 kila mwezi juu ya mshahara wa 480,000.

Mwaka huu Mungu akatujalia mapacha, Kulwa na Doto. Taarifa ya ujauzito nilipeleka mapema pamoja na karatasi ya kliniki, miezi zaidi ya mitatu kabla. Utumishi wakaniandikia likizo ya siku 84. Nilipojifungua wawili, muuguzi akaniambia mama wa mapacha ana siku 100. Nikampigia simu afisa utumishi, akasema, "Tutaangalia." Hakunijibu tena. Mimi nikakaa siku zangu 100, nikarudi.

Nilirudi nikakuta barua ya onyo kwa utoro wa siku 16, na shilingi 256,000 zimekatwa kwenye mshahara. Kiti changu amekalia kijana niliyemfundisha mimi mwenyewe kujaza rejesta ya joto la minofu. Meneja uzalishaji akaniita, akaniambia kwa upole kabisa: "Mama, sasa una watoto wawili wachanga. Laini inataka mtu mwenye akili iliyotulia. Hatujakushusha, tumekupumzisha." Kupumzishwa kwenyewe ni zamu ya usiku kwenye chumba cha baridi, kufunga maboksi. Posho imeondoka.

Nikaomba muda wa kunyonyesha. Nikaulizwa, "Usiku si wanakuwa wamelala?" Shangazi, saa saba usiku naingia chooni, navua aproni, nasimama na gambuti zangu kwenye maji, nakamua maziwa kwenye sinki. Nayaangalia yanavyokwenda na maji ya klorini. Yaliyolowa kwenye nguo, nikirudi ndani, yanashika baridi kifuani mpaka nasikia kama nimewekewa barafu.

Nilikwenda kwa wakili mjini. Ni mtu mwema, alinisikiliza. Anataka 1,500,000 ya kuanzia na 150,000 kila kikao. Kwenye kikoba nina 620,000. Mume wangu anasema tuache. Anasema mkono usioweza kuukata, ubusu. Anaogopa nikishindwa tutalipishwa gharama za kampuni, na mawakili wao wanatoka Dar kwa ndege. Dada mmoja tuliyekuwa naye, aliyeacha kazi na sasa anauza mitumba Sengerema, anasema naye alifanyiwa hivyohivyo akanyamaza, mpaka leo inamuuma.

Wala sidhani ni chuki. Mwenzangu wa laini ya pili aligongwa na bodaboda mwaka juzi, akakaa nyumbani na mguu miezi minne, akarudi akakuta kiti chake, tukamnunulia na soda.

Leo ni siku ya 41 tangu nirudi. Naomba uniambie ukweli. Kesi hii itanigharimu kiasi gani? Nikishindwa nitalipishwa? Au niandike tu barua ya kuacha kazi, nitafute kitu kingine kwa amani?

Mama Kulwa, Igoma

*

Marahaba mwanangu, Mama Kulwa. Hongera kwa mapacha. Naanza na hongera kwa sababu katika barua yako yote ndefu sikuona mahali mtu wa kazini kwako alipokupa.

Kuna barua zilizotangulia kufika kabla ya yako, na wenyewe wanisamehe. Nimeisogeza yako mbele kwa sababu ya namba moja uliyoitaja ukiwa unapita: siku ya 41. Barua imenifikia siku ya 43. Malalamiko ya kubaguliwa kazini yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ambayo wengi tunaiita CMA, na kanuni zake zinatoa siku 60 tangu mgogoro ulipozuka. Ungekuwa umefukuzwa, zingekuwa 30 tu na zingekuwa zimeshapita. Wewe zimebaki 17. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini hapo utatakiwa kueleza sababu ya kila siku uliyochelewa, na mwajiri atapewa nafasi ya kukupinga. Utajikuta unapigania mlango kabla hujaingia ndani. Katika gharama zote ulizonitajia na zile ambazo hukuzitaja, hakuna itakayokuwa kubwa kama hizi siku 17 ukiziacha zipite mkiwa bado mnabishana nyumbani.

Sasa hofu ya mume wako, maana ndiyo inayowashika. Mkishindwa mtalipishwa mawakili wa kampuni? Hapana, ila kwa hali moja. Katika mashauri ya kazi sheria hairuhusu aliyeshindwa alipishwe gharama za mwenzake, isipokuwa amefungua au ameendesha shauri la kipuuzi, la kusumbua watu tu. Ndivyo ilivyo Tume, na ndivyo ilivyo kwenye Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Mtu mwenye barua ya kupandishwa cheo, barua ya likizo, onyo la utoro na hati ya mshahara iliyokatwa hapeleki upuuzi. Tiketi za ndege za mawakili hao atazilipa aliyewaita. Mwambie baba Kulwa hivyo leo, kabla hajala chakula cha jioni.

Na Tume haitozi ada ya kufungua shauri. Fomu ni CMA F.1. Utaijaza, utampa mwajiri nakala na atasaini kuwa ameipokea, kisha utaipeleka ofisi ya Tume hapa Mwanza pamoja na ushahidi kwamba ameipata. Akikataa kusaini, mtumie kwa rejesta ya posta na utunze risiti. Kwenye fomu hiyo kuna sehemu ya nyongeza inayowahusu walioachishwa kazi. Usiijaze. Wewe bado ni mfanyakazi, na nimeona watu wakivurugiwa shauri zima kwa sababu walijaza kila kisanduku wakidhani ndiyo ukamilifu. Mgogoro wako ni ubaguzi. Uandike hivyo, na ueleze yote manne: cheo na posho, siku 16, zamu, na kunyonyesha.

Nije kwa wakili. Wakili aliyekutajia 1,500,000 sioni kama amekudanganya. Anauza muda wake na ujuzi wake. Lakini alikutajia bei ya safari nzima, na wewe hujui bado kama basi lako litaishia Usagara au litafika Dar. Hatua ya kwanza Tume ni usuluhishi, na umewekewa siku 30. Mnakaa chumba kimoja, wewe, mwajiri na msuluhishi, mnazungumza. Mashauri mengi ya namna yako yana nafasi ya kuishia pale, kwa sababu mwajiri akishaona fomu yenye muhuri anapiga hesabu zake kwa namna nyingine. Kwa hatua hiyo unaweza kwenda mwenyewe, au na mwakilishi unayemchagua, au na kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Na usiogope lugha. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama na mabaraza nchini. Utajieleza kwa maneno haya haya uliyoniandikia mimi, na nakuhakikishia yanatosha.

Nimesema chama. Ulinitumia picha ya hati yako ya mshahara ili nione ile 256,000. Nimeangalia na mstari wa chini yake: makato ya chama, 9,600. Kwa mwaka ni 115,200, na umekuwa ukilipa muda wote huo bila kuwadai chochote. Katika barua yako hukukitaja chama hata mara moja. Kesho mtafute katibu wa tawi, na akikuzungusha panda ofisi ya mkoa. Kukuwakilisha mbele ya Tume ni kazi yake, si hisani. Ikiwa tawi lenu limelala kitanda kimoja na menejimenti, jambo ambalo halijawahi kunishangaza, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wapo wasaidizi wa kisheria wanaofanya kazi chini yake kwenye kata na wilaya. Wanakusaidia kujaza fomu na kupanga vielelezo bila kukulipisha. Waulize ustawi wa jamii wa wilaya wakuelekeze, au pita Kivulini, shirika la hapahapa Mwanza la haki za wanawake, uulize ni nani wa karibu nawe anayeshughulika na mambo ya kazi.

Sasa niseme kuhusu ile sentensi yako ya mwisho mwisho, ya mwenzako aliyegongwa na bodaboda. Uliiandika kama mtu anayemtetea bosi wake. Mwanangu, hiyo ndiyo sentensi nzito kuliko zote. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza kumbagua mfanyakazi kwa jinsia, kwa ujauzito, kwa majukumu ya familia, pamoja na sababu nyingine nyingi. Kifungu hichohicho kinasema kwamba mfanyakazi akishaonyesha kwa mwanzo kuwa kuna ubaguzi, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba haukuwapo, au kwamba alichofanya hakikutokana na sababu zilizokatazwa. Mzigo unahama bega. Na wewe una nini cha kuonyesha kwa mwanzo? Wasimamizi wawili wa kiwanda kimoja wenye cheo kimoja. Mmoja alikaa nyumbani miezi minne kwa mguu, akarudi kwenye kiti chake. Mwingine alikaa siku 100 kwa uzazi, akarudi kwenye chumba cha baridi. Kisha meneja akatamka sababu kwa kinywa chake mwenyewe: "Sasa una watoto wawili wachanga." Alisema kwa upole, ndiyo. Upole wake haubadilishi alichosema. Andika maneno hayo leo kwenye daftari, na tarehe, na saa, na nani alikuwapo chumbani.

Kwenye siku 16 wala hakuna cha kubishana. Sheria inatoa siku 84 kwa mtoto mmoja na siku 100 zenye malipo kwa aliyejifungua zaidi ya mmoja kwa pamoja. Usukumani hapa hakuna ofisi isiyojua Kulwa na Doto ni nani! Afisa utumishi anayemwandikia mama wa mapacha utoro wa siku 16 ama hajawahi kuifungua sheria anayolipwa kuisimamia, ama ameifungua akaifunga. Onyo lile lazima litoke kwenye faili lako, kwa sababu likibaki, siku wakitaka kukuondoa watalitumia kama ngazi ya kwanza.

Kunyonyesha ni muda usiozidi jumla ya saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi. Sheria haikuuliza kama watoto wamelala. Kuhusu usiku, sheria inakataza kumpangia mama kazi ya usiku kwa miezi miwili baada ya kujifungua. Wewe umeivuka hiyo, lakini unaweza kuendelea kulindwa ukiwa na cheti cha daktari kwamba afya yako au ya watoto hairuhusu. Nenda kliniki, mweleze daktari kuhusu chumba cha baridi na kifua. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, usimpunguzie. Hilo la maziwa kwenye sinki nililisoma nikaweka simu chini, nikakaa kidogo.

Na wewe unataka kuandika barua ya kuacha kazi! Usiandike, nakusihi. Ukiiandika, utakuwa umemfanyia mwajiri kazi yake. Yapo mazingira ambayo sheria inamhesabu aliyejiuzulu kuwa ameachishwa, pale mwajiri alipoifanya kazi isivumilike, lakini utatakiwa wewe kulithibitisha hilo, na huo ni mlima mwingine kabisa. Ukiwa bado ndani, mshahara unaingia na kila usiku unaopita kwenye chumba kile ni ushahidi. Wakikufukuza kwa sababu umedai haki yako, sheria inasema hiyo si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, na hapo utakuwa na shauri la pili lenye nguvu kuliko la kwanza. Sikuambii hawatathubutu. Wapo wanaothubutu.

Uliniuliza ukweli wa gharama, na mpaka hapa nimekupa zile za sheria, ambazo ni ndogo. Gharama zenyewe ziko kwingine, na hizo nazijua kwa sababu nilizilipa.

Mwaka 2012 niliondolewa kwenye dirisha la fedha nikiwa na mimba ya miezi sita, wakaniweka stoo. Mwajiri simtaji. Nilifungua shauri, na lilichukua miaka miwili na miezi minne. Niliweka daftari la matumizi, ninalo mpaka leo. Nauli, fotokopi, rejesta ya posta, chakula cha shahidi, kumlipa binti wa jirani aniangalizie mtoto: 386,000 zote. Wakili sikulipa, chama kilinisimamia. Safari 14, na katika hizo tano nilifika nikaambiwa limeahirishwa. Safari ya kuahirishwa ndiyo inayochosha kuliko zote. Umeomba ruhusa kazini kwa mtu yuleyule unayemshtaki, umembeba mtoto, umekaa kwenye benchi tangu saa mbili, halafu saa tano mtu anatoka anasoma tarehe nyingine.

Lakini daftari lile halikuandika kitu kimoja. Nilikuwa na mwenzangu, miaka sita tulikuwa tunachangia sahani moja mchana, ugali na dagaa wa Kirumba. Wiki ile barua ya Tume ilipofika ofisini, alinyanyua sahani yake bila kusema neno akaenda meza ya dirishani. Simlaumu, alikuwa na watoto wanne na mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Ila nilikula peke yangu miaka miwili. Mpaka leo tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri, tunaulizana watoto, tunaachana. Hiyo nayo iweke kwenye hesabu yako, maana hakuna tuzo ya Tume, yaani uamuzi wake wa mwisho, inayoirudisha.

Kwa hiyo usitegemee walio ndani kusimama nawe. Wakisimama, mshukuru Mungu. Tegemea karatasi, na tegemea aliyekwisha kutoka. Yule dada wa Sengerema hana mshahara wa kupoteza pale. Muulize kama yuko tayari kusema yaliyompata, na umwambie nauli ni juu yako. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 hana tena kivuko cha kusubiri, anakuja asubuhi na jioni yuko kwake. Akikataa, mwache. Karatasi kusanya sasa hivi ukiwa bado unaruhusiwa kupita getini: barua ya usimamizi ya 2021, taarifa yako ya ujauzito, barua ya likizo, vyeti vya kuzaliwa vya Kulwa na Doto, onyo, hati za mshahara za kabla na za baada, na picha ya ubao wa zamu wenye jina lako usiku baada ya usiku. Ujumbe wowote wa simu kutoka kwa meneja au utumishi usiufute, na simu hiyo usiiuze.

Baba Kulwa naomba usimwone mwoga. Amepiga hesabu ya unga na kodi ya nyumba, na hesabu hiyo ni ya kweli. Lakini hajapiga ya upande wa pili, na naomba mpige pamoja, kalamu mkononi. Mkinyamaza, posho inayopotea ni 90,000 kwa mwezi, yaani 1,080,000 kwa mwaka. Ongeza 256,000 walizokwisha kata. Kunyamaza mwaka huu mmoja kunawagharimu 1,336,000, na mwaka kesho posho haitakuwapo tena. Hizo ni karibu sawa na alizotaka wakili. Ule mkono anaotaka uubusu, tayari umekwisha kuingia mfukoni mwenu. Muonyeshe hesabu hiyo bila kumshinda kwa maneno. Unamhitaji awe upande wako usiku ule ambao shauri limeahirishwa na watoto wana homa.

Kabla ya kuingia kwenye usuluhishi, kaeni wawili mwandike kwenye karatasi mnachotaka. Kwa barua yako naona unataka kiti chako, posho yako, siku zako 16, onyo lifutwe, na saa zako za kunyonyesha. Andika pia kile mtakachokubali kupungukiwa. Nasema hivi kwa sababu mwajiri anaweza kukuvuta pembeni kwenye korido akakupa kiasi cha fedha ili usaini uondoke. Kiasi hicho kitaonekana kikubwa sana kwa mtu mwenye 620,000 kwenye kikoba. Usisaini chochote koridoni. Makubaliano yanayosainiwa mbele ya msuluhishi yana nguvu ya kutekelezwa kisheria, kwa pande zote mbili, na ukishasaini kwamba umeridhika na huna madai mengine, hutarudi tena. Kama fedha ni nzuri na ndiyo unayoitaka, ichukue bila aibu. Lakini ipime na karatasi mliyoandika nyumbani, na uombe siku mbili za kufikiri.

Usuluhishi ukishindikana, ndipo utauliza tena swali la gharama, wakati huo ukiwa umeona sura ya utetezi wao na ukijua una nini mkononi. Hatua ya uamuzi ina mashahidi na maswali ya kuhojiwa, na hapo wakili anaweza kustahili fedha yake. Mlipe kwa hatua, kwa makubaliano ya maandishi, na kila malipo na risiti yake. Ujue pia kwamba hata ukishinda, mwajiri ana wiki sita za kwenda Mahakama Kuu kuomba tuzo ipitiwe upya, na akifanya hivyo utasubiri tena. Kikoba chako usikivunje chote kwa ajili ya hatua ya kwanza. Kiache, kitakuwa na kazi.

Leo jioni andika barua kwa mwajiri, ukurasa mmoja, umweleze hayo manne na umwombe ayarekebishe. Ipeleke kesho ukitoka zamu, masijala wagonge muhuri kwenye nakala yako. Lakini usiwasubiri wakujibu, kwa sababu kusubiri jibu lao hakusimamishi zile siku 60. Jumatatu uwe ofisi ya Tume asubuhi na mapema, na fomu nakala tatu. Watoto mwachie bibi yao, au waje nawe, benchi lile limeshabeba wengi. Ukigongewa muhuri nitumie ujumbe unitajie tarehe ya kikao, nami nitakupigia jioni ya siku hiyo. Nakala yako iweke kwa mama yako au kwa mtu mwingine unayemwamini, isikae kwenye kabati la kazini.